Paka wa Nyumba Haingwa, Hufunzwa

Mjini Busia, saa za jioni, harufu ya dagaa hufika nyumbani kabla ya aliyewanunua. Upande wa Kenya samaki hao wadogo wa Ziwa Viktoria huitwa omena, na upande wa Uganda huitwa mukene. Paka wa pande zote mbili hawajali jina. Wao hujua harufu tu, na harufu haina haja ya pasi ya kuvukia mpaka.

Na ichukuliwe nyumba moja miongoni mwa nyumba nyingi za askari zilizopo kati ya Busia na Tororo. Mshahara umefika, dagaa wa wiki mbili wamenunuliwa na kuanikwa juu ya mkeka nyuma ya nyumba. Mama ameingia ndani kumwogesha mtoto. Anapotoka, robo ya mkeka ni tupu, naye paka yu juu ya ukuta akijilamba masharubu. Baba anarudi kutoka zamu, anaelezwa, na fimbo inatafutwa. Mtoto mkubwa, ambaye ndiye rafiki wa paka, anamkumbatia ili kumkinga. Paka kwa hofu anamkwaruza mkono mpaka damu inatoka. Usiku ule shauri linakatwa: kesho paka atiwe guniani, akatupwe ng'ambo ya mpaka.

Kisa cha namna hii hakina mwenyewe, kwa kuwa ni cha wengi. Wazee wa Kiswahili walikwisha kusema kwamba paka wa nyumba haingwa, maana yake aliyekwisha kuizoea nyumba hafukuzwi kwa makelele kama ndege wa shambani. Methali hiyo haikukusudia kwamba paka aachwe afanye apendavyo. Paka hufunzika, ila sharti wenye nyumba wajue kwanza ni nini kinachomfanya akosee, na aghalabu wakichunguza wataona kwamba sehemu kubwa ya kosa imo katika mpango wa nyumba yenyewe.

Kazi ya paka mpakani

Nchi hii ya mpakani ni nchi ya nafaka na samaki. Mahindi, mtama, wimbi, muhogo na karanga hulimwa pande zote za mito ya Sio na Malaba, ambayo katika sehemu zake ndiyo mpaka wa Uganda na Kenya. Samaki hutoka Majanji upande wa Uganda, na Sio Port na Port Victoria upande wa Kenya. Penye gunia la mahindi na penye dagaa, panya hakosi kuhamia. Panya hula kidogo akaharibu kingi, kwa maana hutoboa magunia na kuikojolea nafaka inayobaki, na mkojo wake huweza kuleta maradhi kwa watu.

Kwa sababu hiyo paka si pambo. Ni mlinzi wa ghala asiyedai posho ya usiku. Anayemtupa kwa hasira ya dagaa wa siku moja huenda akalipa kwa gunia zima la mahindi kabla ya mavuno yajayo.

Kwa nini fimbo haifunzi

Watu wengi humpiga paka kwa kuwa wameona mbwa akikemewa na kutii. Lakini paka na mbwa hawana asili moja. Mbwa ametokana na wanyama waishio kwa makundi, wenye mkubwa na wadogo. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu, mnyama awindaye peke yake. Utafiti wa wataalamu wa nasaba za wanyama uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wafugwao duniani kote ni uzao wa paka mwitu wa Mashariki ya Karibu, jamaa ya wale waishio katika nyika za Afrika hadi leo. Mnyama wa namna hiyo haelewi maana ya adhabu itolewayo na mkubwa. Hujua mambo mawili tu: mahali hapa pana faida, au mahali hapa pana hatari.

Basi paka apigwaye saa moja baada ya kuiba samaki hajifunzi kwamba wizi ni mbaya, kwa kuwa amekwisha kumsahau yule samaki. Ajifunzalo ni kwamba mtu yule mwenye viatu vizito ni hatari. Kesho ataiba tena, lakini atangoja mwenye viatu aondoke. Hivyo hivyo kumsugua pua katika uchafu wake, au kummwagia maji, humzidishia hofu pasipo kumwongezea adabu. Na paka mwenye hofu ndiye akwaruzaye watoto na kukojoa pembeni mwa kitanda.

Askari wataelewa jambo hili upesi kwa mfano wa uwanja wa gwaride. Kuruta hafunzwi kwa kupigwa kofi jioni kwa kosa la asubuhi. Hufunzwa kwa amri fupi, ile ile, kila siku, itolewayo na wakufunzi wote kwa namna moja. Amri mbili zikigongana, kuruta husimama hajui ageukie wapi. Nyumbani mambo ni hayo hayo. Baba akimfukuza paka mezani na mtoto akimlisha papo hapo chini ya meza, anayekosea si paka.

Wizi wa chakula

Tiba ya kwanza ya wizi ni kumlisha mwizi. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mwili wake hauwezi kustahimili kwa ugali mtupu, hata ukilowekwa mchuzi. Methali nyingine husema kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya, nayo imesema kweli ya kitabibu. Apewe chakula mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa saa zile zile: vichwa vya samaki vilivyopikwa na kutolewa miba, dagaa waliolowekwa ili kupunguza chumvi na mchanga, matumbo ya kuku yaliyochemshwa, na ugali kidogo wa kujazia. Vitunguu visitiwe, kwani huharibu damu yake. Maji safi yawepo wakati wote. Maziwa si lazima. Paka wengi waliokomaa huharishwa nayo.

Wako wasemao kwamba paka akishiba hataua panya. Hilo si sahihi. Hamu ya kuwinda ni maumbile, na paka aliyekula bado humvizia panya apitaye. Mwenye njaa naye huwinda, lakini huanza na chungu kilicho karibu, kisha huzurura nyumba za jirani na kuleta ugomvi.

Tiba ya pili ni kufunika. Dagaa waanikwe juu ya kichanja kirefu, si juu ya mkeka chini, na juu yao utandikwe wavu uliofungwa pembe zote. Kichanja kilicho mbali na ukuta na mti humnyima paka pa kurukia. Chakula kilichopikwa kifunikwe kwa kawa au kiwekwe katika kabati la wavu. Paka akipanda mezani mara kumi asipate kitu, ataiacha meza. Akipanda mara kumi akapata mara moja tu, ataendelea kupanda mwaka mzima akiitafuta ile mara moja.

Tiba ya tatu ni kumwonyesha mahali pake. Sahani yake iwe moja, mahali pamoja, na igongwe kabla ya kulishwa. Baada ya siku chache atakuja kwa mlio huo. Akiwa mezani, asipigwe. Sahani igongwe, naye akishuka apewe dagaa mmoja papo hapo. Malipo yacheleweshwe kidogo tu, naye hataona uhusiano wake na kushuka.

Haja mahali pasipofaa

Paka kwa asili ni msafi, na hupenda kufukia haja yake. Akijisaidia ndani, yafaa maswali yaulizwe kabla ya fimbo. Je, anacho choo? Katika nyumba za kambini zilizojengwa kwa safu, ambako uwanja ni wa saruji au udongo mgumu, huenda hana pa kuchimba.

Choo cha paka si ghali. Beseni la zamani au debe lililokatwa kwa urefu na kukunjwa makali yake latosha, likitiwa mchanga mkavu au maranda ya seremala, kina cha vidole vitatu au vinne. Liwekwe pembeni palipo na utulivu, mbali na sahani ya chakula, kwani paka hakubali kula na kujisaidia mahali pamoja. Kitoto cha paka kitiwe humo kila baada ya kula na kila kinapoamka. Haja iondolewe kila siku, na mchanga wote ubadilishwe mara kwa mara. Paka wakiwa wawili, mabeseni yawe matatu.

Mahali palipokwisha kuchafuliwa paoshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha pasuguliwe kwa siki na kuachwa pakauke. Harufu ikibaki, paka ataisoma kama tangazo kwamba hapo ndipo chooni.

Kuna tahadhari mbili za afya. Ya kwanza, mama mwenye mimba asishughulike na choo cha paka. Katika haja ya paka huweza kuwamo vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu hivyo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, na hii ndiyo faida ya kusafisha kila siku. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine, naye anawe mikono kwa sabuni. Ya pili, paka dume achuchumaaye mara nyingi, akilia, bila kutoa mkojo, hana utundu. Njia yake ya mkojo imeziba, na asipofikishwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo anaweza kufa.

Kucha na viti

Paka hukwaruza si kwa chuki ya makochi. Hunyoosha misuli, huvua maganda ya kucha kuukuu, na huacha alama ya kwamba hapa ni kwake. Haja hii haiwezi kukatazwa. Inaweza kuhamishwa tu. Litafutwe gogo lenye gome, au ubao uliozungushiwa kamba ya katani au kipande cha gunia, liwe refu kiasi cha paka kusimama na kujinyoosha, nalo lifungwe imara lisiyumbe. Liwekwe karibu na pale alalapo au mbele ya kile kiti akipendacho. Akilikwaruza, apewe dagaa. Kiti nacho kifunikwe kwa muda kwa kitambaa cha nailoni kinachoteleza.

Ncha za kucha zaweza kupunguzwa na mtu mzima mwenye mkono mwepesi, bila kugusa sehemu nyekundu ya ndani yenye damu. Kung'oa kucha ni ukatili, na humwondolea paka silaha yake ya kazi.

Dume la usiku

Makelele ya usiku, ugomvi wa mapaa, na mkojo wenye harufu kali unaonyunyizwa ukutani, mara nyingi ni mambo ya uzazi. Dume likikomaa huweka mipaka yake, na likiachwa huishia kuwa shume la mtaa. Jike nalo huanza kutafuta dume mapema, pengine likiwa na miezi minne hadi sita, na hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Nyumba yenye paka mmoja yaweza kuwa na paka tisa kabla ya mwaka kwisha, na hapo ndipo magunia ya kutupia paka huanza kutafutwa.

Dawa yake ni kuhasi dume na kulifunga jike uzazi. Hii ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya usingizi, wala si ya kisu cha jikoni. Dume likihasiwa mapema hupunguza sana kunyunyiza, kupigana na kuzurura, huku likiendelea kuwinda panya.

Watoto, meno na kichaa

Mtoto afundishwe kabla ya paka. Asimvute mkia, asimwamshe akilala, asimguse akila, wala asimbane kifuani anapotaka kuondoka. Mchezo wa kumchokoza paka kwa vidole humfunza kwamba mkono wa mtu ni windo. Atumie kamba yenye kitambaa mwishoni. Paka akilaza masikio nyuma na kupigapiga mkia, ametoa onyo, naye aachwe.

Paka akimuuma au kumkwaruza mtu, hata kama jeraha ni dogo, jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi. Jino la paka ni jembamba na huingia ndani, likaacha usaha chini ya ngozi iliyofunga. Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Ni kweli kwamba mbwa ndio wanaoambukiza watu karibu wote wanaopata ugonjwa huo duniani, kiasi cha 99 katika kila 100. Hata hivyo paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hupata ugonjwa, naye huupeleka kwa watu wa nyumba yake.

Dalili zake hufanana na tabia mbaya, na hapo ndipo pana hatari. Paka mpole aliyegeuka mkali ghafla, anayeuma bila kuchokozwa, atokwaye na mate, ashindwaye kumeza au kutembea sawasawa, si wa kufunzwa wala kupigwa. Asishikwe kwa mikono. Afungiwe chumbani ikiwezekana bila kumgusa, watoto waondolewe, na ofisa wa mifugo apewe habari.

Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo aelezwe habari za chanjo. Asingoje kuona kama paka atakufa. Paka akiangaliwa kwa siku 10 akabaki mzima, daktari anaweza kuisimamisha tiba. Lakini dalili zikijitokeza kwa mtu, ni nadra mno kupona. Paka mwenyewe apate chanjo anapofikia miezi mitatu, kisha irudiwe kama kadi yake inavyoagiza.

Dawa za nyumbani nazo zatakiwa kuangaliwa. Panadol, ambayo mtu hunywa kwa kichwa kuuma, humuua paka hata kwa kiasi kidogo. Dawa ya kupe ya ng'ombe na mbwa isipakwe kwa paka, maana nyingine humleta kwenye degedege. Na penye paka pasitegwe sumu ya panya, kwa sababu paka hufa kwa kumla panya aliyekula sumu.

Uhamisho na mpaka

Askari na polisi huhamishwa, na paka huizoea nyumba kama anavyowazoea watu. Familia ikihama kutoka Tororo kwenda Busia, au kambi moja kwenda nyingine, paka asafirishwe katika kapu lenye mfuniko, pamoja na kitambaa alichokilalia. Afungiwe chumba kimoja siku za kwanza, kisha nyumba nzima, na asitolewe nje mpaka zipite wiki mbili au tatu. Akitolewa mapema atajaribu kurudi alikotoka, na barabara ya magari makubwa ya Busia au Malaba haina huruma.

Tangu mwaka 2018 Busia ina kituo rasmi cha pamoja cha mpakani, ambapo abiria na mizigo hukaguliwa mara moja kwa niaba ya nchi zote mbili. Mnyama avukaye naye ana taratibu zake: kadi ya chanjo, cheti cha afya cha daktari wa mifugo, na kibali cha nchi aendako. Taratibu hizo zipo kwa sababu ndugu wa Kisamia na Waiteso wanaishi pande zote za mpaka, wakipeana kuku, mbuzi na vitoto vya paka, na kichaa hakiulizi uraia.

Kumtia paka guniani na kumtupa ng'ambo si njia ya kuliondoa tatizo. Ni kulipeleka kwa jirani, tena bila kadi ya chanjo. Paka aliyetupwa hugeuka mwizi wa vyungu vya watu wasiomjua, huzaa vichakani, na huumwa na mbwa wa mitaani.

Basi ile nyumba iliyokatiwa shauri la gunia na iyaangalie mambo kwa utaratibu. Kwanza mkono wa mtoto uoshwe na upelekwe hospitali, na kadi ya paka itazamwe. Kisha baba, badala ya fimbo, atafute miti minne ya kichanja na kipande cha wavu. Mama apange saa za sahani. Mtoto apewe kazi ya kuigonga sahani hiyo na kumwaga mchanga wa beseni. Huenda ikachukua mwezi mmoja au miwili kabla ya paka kushika adabu yake, nayo ni muda mdogo kuliko ule anaopewa kuruta. Panya wa ghala watakuwa wa kwanza kutambua kwamba mlinzi yupo kazini.